Hikonyan, Kumamon au Shinjo-kun: wa kumfuata ni nani ukiwa Japani?

Kama uko Kyoto na umebakiwa na siku moja tu, panda treni uende Hikone ukamwone Hikonyan, kibonzo kinachoutangaza mji huo. Kama una siku tatu na watoto wasiotulia, nenda Kumamoto kwa Kumamon. Na kama ulishafika Japani mara moja, majengo marefu na mahekalu umeyaona, sasa unataka kuijua nchi ilivyo huko pembeni, teremka hadi Susaki kwa Shinjo-kun. Nimeanza na jibu kwa sababu najua wengi wenu mnasoma haya tiketi ikiwa mkononi. Sababu zinafuata, na ukizisoma huenda ukachagua tofauti na nilivyochagua mimi.

Swali hili huniijia kila ndugu wanapopanga safari ya huku. Safari hii ni binti wa dada yangu, anakuja na wanawe wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 8. Aliniandikia: "Mama mdogo, watoto wamemwona yule dubu mweusi kwenye simu, wanamtaka yeye tu. Tutampata wapi?" Nikamjibu kwamba dubu anapatikana, ila kabla ya kulipa nauli ajue kwamba wenzake ni mamia, na kila mmoja anakupeleka mahali pengine kabisa.

Hawa ni vibonzo vya kutangazia miji na mikoa, mtu akiwa ndani ya vazi, nao huitwa yuru-kyara. Yurui ni kitu kilicholegea, kisichokazwa. Kyara ni mhusika wa kibonzo. Aliyelitunga neno hilo ni Miura Jun, mchoraji na mwandishi, naye aliweka masharti matatu: kibonzo kibebe mapenzi makubwa kwa kwao, mwendo wake uwe wa kuyumbayumba wa peke yake, na awe na ulegevu unaomfanya apendeke. Sharti la pili ndilo linalowashangaza wageni. Vazi ni zito, kichwa ni kikubwa kuliko mlango, miguu mifupi, anapanda ngazi mbili akiwa ameshikwa mkono. Kwetu tungesema vazi limeshonwa vibaya. Wajapani wanalipenda hivyo hivyo, kwa sababu mji mdogo usio na fedha wala sifa ukimtuma mjumbe anayetembea kwa shida, unamhurumia kabla hujajua unatangaziwa nini.

Jambo jingine la kujua ni kwamba hakuna anayesema mle ndani kuna mtu. Wafanyakazi wa manispaa wanazungumza na Kumamon kama mwenzao wa ofisini. Waliokulia kusini mwa Tanzania, kwenye ngoma za mapiko, ambazo mchezaji huvaa kinyago, hawahitaji maelezo zaidi: anayecheza si fulani mwana wa fulani, na asiyetakiwa kujua haulizi. Waambieni watoto mapema wasivute zipu.

Kuanzia 2010 hadi 2020 kulikuwa na shindano la kitaifa la kuwapigia kura, na mwaka 2015 walishindana zaidi ya 1,700. Vilikuwa vingi mno. Mkoa wa Osaka peke yake ulikutwa na vibonzo 92, kila idara na cha kwake, ikabidi wapunguzwe. Mwaka 2018 mji wa Yokkaichi ulilaumiwa kwa sababu watumishi wake walifungua akaunti kwa maelfu ili kibonzo chao kishinde, na hakikushinda. Kwa hiyo usichague kwa kuangalia nani alipata kura nyingi. Kura hazikuambii ukishuka kwenye treni utaona nini.

Paka wa Hikone na dubu wa Kumamoto

Hawa wawili ndio washindi wa kwanza wa shindano hilo, Hikonyan mwaka 2010 na Kumamon mwaka 2011, na ndio watu wengi wanaoshindwa kuchagua kati yao. Nitawaeleza pamoja, kwa sababu wana jambo moja ambalo vitabu vya watalii havilisemi: nyuma ya kila mmoja kuna ngome ya mwaka 1607. Ngome hizo zilizaliwa mwaka mmoja zikapata maisha tofauti kabisa.

Hikonyan ni paka mweupe mwenye chapeo nyekundu yenye pembe mbili, na kengele shingoni. Jina lake ni Hikone, mji ulio kando ya ziwa Biwa, likaungwa na nyan, ambao kwa Wajapani ndio mlio wa paka, kama sisi tunavyosema nyau. Alipewa jina hilo 2006, na mwaka uliofuata akaongoza sherehe za miaka 400 ya ngome ya mji wake. Hakuna kitu mwilini mwake kilichowekwa kwa urembo tu. Wekundu wa chapeo ni wa ukoo wa Ii, watawala wa Hikone wa zamani, ambao askari wao waliingia vitani na deraya nyekundu tupu tangu enzi za Ii Naomasa. Paka naye ni wa hadithi ya mwanawe, Ii Naotaka. Inasemekana Naotaka alikuwa amejikinga mvua chini ya mti karibu na hekalu moja, akamwona paka langoni akimwashiria kwa mguu wa mbele. Akamfuata. Radi ikapiga pale pale alipokuwa amesimama.

Kumamon asili yake ni tofauti, na ni ya juzi tu. Reli ya treni za mwendo kasi ya Kyushu ilikuwa inakamilika, na viongozi wa mkoa wa Kumamoto walihofia kwamba abiria watapitiliza bila kushuka. Wakamwomba ushauri Koyama Kundo, mwandishi mzaliwa wa Amakusa, huko huko Kumamoto. Mbunifu Mizuno Manabu aliagizwa achore nembo, basi. Akachora nembo, kisha akaongeza dubu mweusi mwenye mashavu mekundu, zawadi ambayo hakuna aliyeiomba. Kuma ni dubu, na mon kwa lahaja ya huko ni mtu. Kisiwa cha Kyushu hakina dubu wa porini, jina la mkoa ndilo lililomzaa. Gavana Kabashima Ikuo akamfanya mtumishi wa mkoa na baadaye akampa cheo cha meneja wa mauzo. Walimtuma Osaka na kadi 10,000 za kugawa mitaani. Kisha ikatangazwa kwamba ametoroka kazini na hajulikani alipo, gavana akaitisha mkutano na waandishi wa habari kuwaomba wananchi wamtafute. Osaka nzima ikamjua.

Ukiwaona ana kwa ana, utofauti wao hauhitaji kuelezwa. Kumamon anacheza muziki, anaruka, anamtania mtangazaji, anaziba mdomo kwa mikono miwili anapojidai ameshtuka. Watoto hupiga kelele mpaka sauti zinakauka. Hikonyan hafanyi karibu chochote. Anatoka polepole, anasimama, anainamisha kichwa upande mmoja, anainua mkono. Anageuka upande wa pili, anafanya vivyo hivyo. Mara ya kwanza nilipokwenda nilisubiri aanze, mpaka nikang'amua kwamba alikwisha kuanza zamani. Wazee waliokuwa pembeni yangu walikuwa wakimtazama kwa utulivu, kama mtu anavyotazama samaki kwenye kidimbwi, na kila aliposogeza mkono walitoa "aah" ya chinichini. Mimi napenda utulivu huo kuliko ngoma ya Kumamon. Mtoto wa miaka 5 pengine atachoka baada ya dakika kumi, na hilo uliweke kwenye mizani.

Sasa kuhusu kuwapata. Hapa Hikonyan anashinda wazi. Ana desturi ya kutokea ngomeni kila siku, kwa saa zilizotangazwa, na mvua ikinyesha huhamia ndani ya jumba la makumbusho lililo chini ya ngome. Kumamon ni msafiri. Ana ofisi yake mjini, Kumamon Square, iliyofunguliwa 2013, ambako kuna meza yake ya kazi na watu hupanga foleni kupiga picha nayo, lakini mwenyewe huitwa huku na kule, hadi nje ya nchi. Ratiba hutolewa kabla. Usikate tiketi kabla ya kuisoma, maana kufika Kumamoto na kukuta meza tupu ni machozi ya watoto safari nzima ya kurudi.

Nauli nayo ina neno lake. Hikone ni chini ya saa moja kutoka Kyoto kwa treni ya kawaida, na kutoka kituoni unatembea kama robo saa hadi ngomeni. Kumamoto iko mbali, kisiwa kingine: kutoka Osaka ni kama saa tatu kwa treni ya mwendo kasi, na kutoka Fukuoka ni chini ya saa moja. Ukienda Kumamoto lala huko, siku mbili au tatu, vinginevyo nauli haikulipi.

Zawadi za kupeleka nyumbani? Tangu mwisho wa 2010 mkoa wa Kumamoto uliruhusu picha ya Kumamon itumike bila malipo, mradi mtu aombe kibali. Uamuzi huo ndio uliomfanya awe kila mahali, kwenye chipsi, taulo, mikoba, maboksi ya machungwa. Tawi la Kumamoto la Benki ya Japani lilikadiria kwamba katika miaka miwili, kuanzia Novemba 2011, aliuletea mkoa faida ya yen bilioni 123.2. Kwa msafiri maana yake ni moja: bidhaa za Kumamon utazikuta hata Tokyo, uwanja wa ndege, bila kukanyaga Kumamoto. Hikonyan alipita kwenye mgogoro wa haki kati ya mji na mchoraji wake, uliomalizika kwa maridhiano, na bidhaa zake hazikusambaa kiasi hicho. Kitambaa cha Hikonyan kinachouzwa chini ya ngome yake kina thamani kwa sababu umekifuata.

Turudi kwenye ngome, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Mnara wa Hikone ni ule ule wa mbao. Japani nzima imebaki na minara 12 ya asili, na mitano kati yake imetangazwa hazina ya taifa. Wa Hikone ni mmojawapo. Zama za Meiji (1868 hadi 1912) ngome zilikuwa zikibomolewa nchi nzima kama mabaki ya utawala uliokwisha, na hii nayo ilikuwa kwenye orodha, hadi mfalme Meiji alipopita huko 1878 ikaamuliwa iachwe. Ukiingia unavua viatu. Ngazi zimesimama kama za kupandia dari, unashika kwa mikono miwili, na mbao chini ya nyayo zimelainishwa na miguu ya miaka mia nne. Mwenye magoti mabovu abaki uani, hatakosa kitu, kwa sababu Hikonyan yuko chini na bustani ya Genkyu-en iko mita chache tu. Mwanzoni mwa Aprili miti ya sakura kuzunguka handaki la maji huchanua yote kwa pamoja, na tarehe 13 Aprili ndiyo siku ya kuzaliwa ya Hikonyan.

Nje kidogo ya handaki kuna nyumba ndogo ambayo watalii wengi huipita: Umoregi-no-ya. Humo aliishi Ii Naosuke ujana wake wote. Alikuwa mtoto wa kiume wa 14, hana tumaini la kurithi chochote, akajifungia humo kuanzia miaka 17 hadi 32 akisoma, akifanya mazoezi ya upanga na kujifunza adabu za chai. Ndugu zake wakafa au wakachukuliwa na koo nyingine, naye akawa mtawala wa Hikone, kisha waziri mkuu wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani. Mwaka 1858 serikali yake ilitia saini mkataba wa biashara na Marekani uliofungua bandari za Japani, na mwaka 1860 aliuawa kwa panga nje ya lango la Sakurada la ngome ya Edo, ambayo leo ni Tokyo, theluji ikianguka. Huyo ndiye mtu ambaye paka mwenye kengele anakupeleka mlangoni kwake. Sijui kibonzo kingine chochote cha Japani kilichobeba mzigo mkubwa hivyo kwa upole kiasi hicho.

Ngome ya Kumamoto ilijengwa na Kato Kiyomasa, na kuta zake za mawe zina mkunjo wa kupanda taratibu kisha kusimama wima ghafla, adui apande kwa furaha nusu ya kwanza na kuanguka nusu ya pili. Mnara wake uliungua 1877, ukajengwa upya kwa zege 1960. Kisha ikaja Aprili 2016. Tarehe 14 usiku ardhi ilitetemeka, watu wakadhani yamekwisha, na tarehe 16 likaja tetemeko kubwa zaidi, la kipimo cha 7.3. Watu 50 walikufa papo hapo, wengine wengi zaidi baadaye kwa taabu zilizofuata. Kuta za ngome zilimwagika, vigae vikaporomoka juu ya paa, na kuna kibanda cha ulinzi kilichobaki kimesimama juu ya mstari mmoja tu wa mawe.

Kumamon alinyamaza. Huyu ambaye kila siku alikuwa na neno mtandaoni, kwa wiki tatu hakusema kitu. Watu wa mikoa mingine na nchi nyingine wakaanza kuchora picha zake wakizituma kwa wakazi wa Kumamoto, dubu akibeba ndoo, dubu akigawa wali. Tarehe 5 Mei, Siku ya Watoto, alijitokeza katika kijiji cha Nishihara, mahali palipoumia sana, akawakumbatia watoto. Hapo ndipo nilipoacha kumhesabu kama tangazo la biashara. Watoto wale walikuwa wamelala kwenye magari kwa wiki tatu kwa kuogopa kuta, na mtu wa kwanza waliyemkimbilia alikuwa dubu asiyesema.

Leo mnara wa Kumamoto umefunguliwa tena tangu 2021, kuna lifti, na kupanda kwake ni rahisi kuliko Hikone. Lakini nakuomba usikimbilie mnara. Tembea kwenye njia iliyoinuliwa juu kidogo ya ardhi, tazama mawe yaliyopangwa uwanjani, kila jiwe limeandikwa namba yake. Yatarudishwa moja moja mahali lilipokuwa kila moja, na kazi yote imepangwa kumalizika 2052. Kuna mafundi wanaojua watastaafu kabla ya kuiona imekamilika.

Kwa hiyo chaguo kati ya paka na dubu kwangu mimi limekaa hivi: Hikone utaona kilichonusurika, Kumamoto utaona watu wakijenga. Ongeza na mlima Aso, volkeno hai iliyo katikati ya bonde la duara lenye upana wa takriban kilomita 25 kwa 18, ambalo watu wanalima na kufuga ndani yake. Hilo peke yake linatosha kukufikisha Kumamoto hata bila Kumamon.

Chakula niliseme kwa uwazi, maana wasomaji wengi hapa ni Waislamu. Sahani inayosifiwa Kumamoto ni basashi, nyama mbichi ya farasi, na tambi zao maarufu hupikwa kwa supu ya mifupa ya nguruwe. Uliza kabla ya kukaa. Kuna karashi renkon, mzizi wa yungiyungi uliojazwa haradali matunduni na kukaangwa, ambao ni mkali unaopanda puani, na hiyo ndiyo zawadi niipendayo. Hikone wanasifika kwa nyama ya ng'ombe wa Omi. Kuchinjwa kwake ni suala la kuulizia pia.

Waliobaki, kwa kifupi

Sento-kun wa Nara ni mvulana mwenye kipara cha mtawa na pembe za kulungu. Alichongwa na Yabuuchi Satoshi, na alipoonyeshwa mwaka 2008, kwa ajili ya sherehe za 2010 za miaka 1,300 tangu Nara iwe mji mkuu, watu walikasirika: wengine walisema anatisha, wengine kwamba anamdhihaki Buddha. Wananchi wakabuni mpinzani wake, Manto-kun, na watawa nao wakabuni wao, Namu-kun. Ugomvi ulimfanya ajulikane nchi nzima, na sherehe zilipokwisha mkoa ukambakiza. Nampenda, ila usimfuate yeye. Nara utakwenda hata hivyo kwa ajili ya hekalu la Todaiji na kulungu zaidi ya elfu moja wanaozurura bustanini, na picha zake utazikuta dukani. Shika begi lako vizuri, wale kulungu hula hata ramani.

Funassyi ni habari nyingine. Ni tunda, pea la Kijapani liitwalo nashi, na kwao ni Funabashi, mkoa wa Chiba, mashariki ya Tokyo. Alianzishwa 2011 na mkazi mmoja kwa hiari yake, na mji haukumpa wadhifa wowote. Akaenda peke yake. Anasema, na anasema kwa sauti nyembamba ya kukimbia, anaruka juu kama chura, na kila sentensi anaimalizia kwa "nassyi". Hadithi yake inadai kwamba ni mtoto wa 4 kati ya ndugu 274, kwa kuwa 2, 7 na 4 kwa Kijapani zinaweza kusomeka fu-na-shi. Mwaka 2015 alizungumza mbele ya waandishi wa kigeni jijini Tokyo, mgeni rasmi ambaye hana ofisi inayomtambua. Kama huna muda wa kutoka nje ya Tokyo, duka lake liko Funabashi, ndani ya jengo la maduka la LaLaport, nusu saa hivi kwa treni. Ila elewa kwamba unakwenda dukani. Mwenyewe haonekani kila siku, na baada ya duka hakuna kingine cha kukuweka pale. Kwa aliye Tokyo mimi ningemwelekeza kwingine: hekalu la Gotokuji, Setagaya, lile lile la paka aliyemwita Naotaka. Kuna sanamu za paka mweupe aliyeinua mguu, mamia kwa mamia, zimepangwa kwenye rafu, na kaburi la Naosuke liko hapo hapo nyuma. Huko hakuna vazi wala ngoma, lakini ukitoka hapo tayari unamjua Hikonyan.

Fisimaji wa Susaki

Mji wa Susaki uko mkoa wa Kochi, kusini mwa kisiwa cha Shikoku, ukitazama bahari. Ni mji mdogo wa wavuvi, si mahali mgeni anapotokea kwa bahati. Shinjo-kun ni fisimaji wa kahawia aliyevaa kichwani chungu cha tambi kama kofia. Mwaka 2016 aliwashinda wote nchini.

Chungu kile ni nabeyaki ramen, chakula cha Susaki: tambi zinazotokota mezani ndani ya chungu cha udongo chenye mfuniko, supu ya kuku na mchuzi wa soya, kipande cha chikuwa cha samaki, vitunguu vya majani na yai bichi linaloivia humo humo. Kifuniko kikifunguliwa mvuke unakuziba macho. Supu ni ya kuku, si ya nguruwe, ingawa kwa uchinjaji utauliza.

Fisimaji ndiye mwenye habari nzito. Jina la Shinjo ni la mto unaopita Susaki. Zamani fisimaji wa Kijapani walikuwa kila mahali, wakawindwa kwa ajili ya manyoya, kisha mito ikachafuliwa na kingo zikapigwa zege. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa 1979, katika mto Shinjo. Watu walisubiri. Mwaka 2012 serikali ikatamka rasmi kwamba wametoweka. Na hadithi ambayo Susaki imempa kibonzo chake ni kwamba anazunguka Japani akitafuta rafiki, fisimaji mwenzake.

Fikiria mji ukikaa kitako kuchagua uso wa kujitangaza kwa dunia. Ungeweza kuchukua samaki, wanao wengi. Ungeweza kuchukua chungu cha tambi peke yake. Wakachagua mnyama ambaye mto wao ndio uliomwona mwisho, wakamvika chakula chao kichwani, wakamtuma akatafute wenzake. Kila anapocheza jukwaani Tokyo, mahali fulani mtoto anamuuliza mama yake fisimaji wanaishi wapi, na mama inabidi ajibu. Kumamon ni dubu wa kisiwa kisicho na dubu kwa sababu ya jina tu. Huyu ni fisimaji wa mto usio na fisimaji kwa sababu watu hawakuwahi kukubali kusahau.

Angalizo moja: mtandaoni utakutana na fisimaji mwingine, Chiitan, anayejipigisha chini na kuzungusha vyuma kwenye video. Aliwahi kuwa balozi wa utalii wa Susaki, na Januari 2019 mji ukamvua cheo hicho baada ya malalamiko mengi. Watu humchanganya na Shinjo-kun hadi leo, na mwendo wao haufanani hata kidogo.

Udhaifu wa Susaki ni kwamba kumwona Shinjo-kun mwenyewe hakuna uhakika, treni ni chache, na jioni mji unalala mapema. Ukifika na kumkosa, utabaki na mto, bahari na chungu cha tambi. Mimi ningerudi kwa hivyo vitatu. Mwenye watoto wadogo na siku kumi tu za Japani nzima, sitamdanganya, asianzie hapo.

Kwa hiyo binti wa dada yangu nimempangia hivi. Anatua Osaka Machi, wiki ya kwanza. Siku ya pili anakwenda Hikone, watoto wamwone paka asubuhi wakiwa bado na subira, yeye apande mnara huku mimi nikibaki nao bustanini. Kisha treni ya mwendo kasi hadi Kumamoto, wafike kabla ya tarehe 12, siku ya kuzaliwa ya Kumamon, ambapo mji humfanyia sherehe. Nimemwambia awapitishe kwenye yale mawe yenye namba, kila mtoto achague lake moja na kulikariri. Kuhusu Susaki, yule wa miaka 8 alishaona picha na akauliza kwa nini huyu mnyama anatafuta rafiki. Nimemjibu kwamba nitamweleza tukiwa tumekaa kando ya mto wenyewe, yeye na mimi, atakapokuja mara ya pili.